Kaka tumemtibu tokso siku 17, sasa tunaambiwa huenda ni limfoma ya ubongo. Tofauti hujulikanaje?

#1 Kete Sitini na Nne

Wanajukwaa, habari za jioni.

Naandika kwa niaba ya kaka yangu mwenye umri wa miaka 43, ambaye amekuwa akiishi na VVU tangu mwaka 2012. Kwa takribani miaka miwili aliacha kumeza dawa bila kumwambia mtu. Kadi yake ya kliniki tuliikuta kwenye mfuko wa koti, wino wa tarehe ya mwisho ukiwa umefifia.

Dalili ya kwanza hatukuiona sisi nyumbani, waliiona wenzake wa barazani. Kaka ni mchezaji wa bao wa miaka mingi, lakini siku hiyo kila alipotafuta mtaji, yaani pa kula kete, alitazama mashimo ya kulia peke yake. Kete zilijaa kwenye kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho upande huo, mpaka zikafika tisa naye hazigusi, kana kwamba ubao wake unaishia kwenye nyumba, lile shimo la karibu na katikati. Wenzake walidhani anawatega. Wiki iliyofuata alianguka kifafa, jambo ambalo halijapata kumtokea maishani.

Picha ya CT ilionyesha uvimbe mmoja upande wa kulia wa ubongo. CD4, yaani chembe za kinga, zilikuwa 19. Tuliambiwa ni tokso, yaani maambukizi ya kimelea kwenye ubongo, akaanzishiwa Septrini ya dozi kubwa pamoja na deksamethazoni ya sindano. Siku ya tatu alikaa kitandani akaomba uji, nasi tukapigiana simu kwa furaha. Deksamethazoni iliposimamishwa, siku ya tisa alianza kuchanganyikiwa, kisha mkono wa kushoto ukalegea. Leo ni siku ya 17, na daktari wa hospitali tuliyohamishiwa ametamka neno ambalo hatukuwahi kulisikia: limfoma ya ubongo.

Naomba kujua tofauti ya magonjwa haya hujulikanaje, na kwa nini hili la pili halikutajwa tangu siku ya kwanza. Nina dai pia, na nitafurahi nikipingwa: kwetu, chochote kinachoota kwenye kichwa cha mtu mwenye VVU huitwa tokso mpaka mgonjwa afe.

#2 Mwalimu wa Biolojia

Pole sana, ndugu. Nianze na maana, kwa sababu jina hilo huwachanganya wengi. Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfositi, na watu wameizoea kwenye mitoki ya shingo, kwapa au kinena. Hii ya ubongo huanzia humohumo kichwani, kwa hiyo mgonjwa anaweza asiwe na mtoki hata mmoja. Kwa mtu mwenye VVU karibu kila mara hukutwa na virusi vya Epstein-Barr ndani ya chembe za saratani. Virusi hivyo wengi wetu tumekuwa navyo tangu utotoni bila madhara, kwa kuwa kinga huvilinda kama askari anayemlinda mfungwa. Kinga ikianguka, mfungwa anatoka.

#3 Nesi Mstaafu

Mwanangu, pole. Nimekaa wodini miaka 31 na dai lako nitalipinga kama ulivyoomba, ingawa si lote.

Kuanza na tokso si uzembe. Tokso hujitokeza kwa mgonjwa ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 100, inatibika kwa dawa zinazopatikana, na inaua haraka ikicheleweshwa. Ndiyo maana utaratibu ni kutibu kwanza, kisha kumtazama mgonjwa kwa siku 10 hadi 14. Akipata nafuu ya wazi, ilikuwa tokso. Asipopata, ndipo limfoma inapopanda juu ya orodha, hasa kwa mwenye CD4 chini ya 50 kama kaka yako. Kwa hiyo daktari wa pili hakuwa mjuzi kuliko wa kwanza, ila alimkuta mgonjwa siku ya 17 na yule wa kwanza alimkuta siku ya kwanza.

Ninapokubaliana nawe ni kwenye deksamethazoni. Dawa ile hukausha maji yanayouzunguka uvimbe wowote ule, na limfoma yenyewe huinyausha kwa muda. Kwa hiyo uji aliouomba siku ya tatu haukuthibitisha lolote. Kama ubongo ulikuwa umebanwa, walikuwa na haki ya kumpa, lakini mlipaswa kuambiwa kwamba nafuu ile si ya kuhesabiwa.

#4 Mchunguzi Huru

Naheshimu maelezo ya Mama Nesi, lakini nadhani mnamtia ndugu yetu hofu isiyo na msingi. Limfoma ya ubongo ni ugonjwa uliotikisa Ulaya na Marekani kabla ya mwaka 1996, yaani kabla dawa mseto za VVU hazijaanza kutumika. Barani kwetu imekuwa adimu. Kuna uchunguzi wa maiti uliofanyika Abidjan, Ivory Coast, ukachapishwa mwaka 1993: kilichoongoza kuua watu wenye VVU kilikuwa kifua kikuu, tokso ilikuwamo kwa kiwango kikubwa, na limfoma zilikuwa chache. Mtu akisikia mlio wa kwato Mikumi asianze kufikiria ngamia.

#5 Fundi Skani

Mchunguzi, ngamia hawezi kuonekana na mtu asiyekuwa na macho.

Mimi napiga picha hizi kila siku. Ili useme limfoma ni adimu, lazima kwanza uwe na uwezo wa kuiona, na kwa ushahidi kamili hiyo inataka kinyama kutoka ndani ya ubongo na mtaalamu wa kukisoma. Wagonjwa wangapi nchini wamefika hapo? Mgonjwa anatibiwa tokso, haponi, anarudishwa nyumbani, anafariki, na kwenye cheti inaandikwa tokso. Ugonjwa wa namna hiyo utakuwa adimu daima.

Na wale wa Abidjan walikufa wakati hakuna dawa za VVU. Kifua kikuu kiliwawahi kabla limfoma haijapata nafasi ya kuota.

Kete Sitini na Nne, naomba unijibu. Picha ilipigwa kwa dawa ya kung'arishia au bila dawa? Uvimbe una ukubwa gani, na uko karibu na vyumba vya maji vya katikati au pembezoni? Tokso kwa kawaida huwa madoa mengi, yakipendelea sehemu za chini katikati ya ubongo na mpaka kati ya ganda lake na sehemu nyeupe. Limfoma mara nyingi ni doa moja au machache, kubwa, limekaa kando ya vyumba vya maji, na wakati mwingine huvuka daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Likizidi sentimita 4, mimi huanza kuwa na mashaka.

#6 Kete Sitini na Nne

Shukrani. Picha ya kwanza ilipigwa bila dawa. Ya pili, juzi, ilipigwa kwa dawa, na majibu yanasema uvimbe mmoja wa sentimita 4.6, "wenye pete", karibu na chumba cha maji cha kulia.

#7 Fundi Skani

Ukubwa na mahali vinaelekea limfoma. Ile pete haitusaidii, kwa sababu kwa mwenye UKIMWI limfoma huoza katikati na kutoa pete kama ya tokso. Picha peke yake haitoi hukumu.

#8 Mwanakwetu wa Rombo

Mimi nina kisa kinachopingana na pande zote mbili. Dada yangu alikuwa na uvimbe mmoja vilevile, CD4 chini ya 50, na Septrini haikumsaidia. Tukaambiwa tujiandae, ni saratani. Daktari kijana aliyekuwa zamu akapima mkojo wake kwa kile kipimo cha haraka cha kifua kikuu cha wenye VVU, kikasoma ndiyo. Ulikuwa uvimbe wa kifua kikuu ndani ya ubongo. Alimeza dawa za TB kwa mwaka mzima na leo anauza maziwa sokoni. Msikimbilie limfoma kabla TB haijafukuzwa.

#9 Paka Shume

Jamani, tokso si inaletwa na paka? Nimesoma namba 3 nikamtoa wangu nje, sasa analia dirishani.

#10 Mwalimu wa Biolojia

Mrudishe ndani, hana kosa kubwa hivyo. Ni kweli kimelea cha tokso hukamilisha uzazi wake kwenye utumbo wa paka, lakini binadamu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva vizuri, au kwa mboga na maji yaliyochafuliwa na kinyesi chake. Tena mgonjwa wa VVU kwa kawaida haugui kwa maambukizi ya juzi: kimelea kilikuwa kimelala mwilini kwa miaka, kinga ikaanguka, kikaamka. Kumfukuza paka leo hakumsaidii aliyeambukizwa akiwa na miaka kumi.

Hapo kuna swali la maana kwa Kete Sitini na Nne: kaka alipimwa kingamwili za tokso kwenye damu? Kama hana kabisa, uwezekano wa tokso unashuka sana.

#11 Mkulima wa Mbulu

Huku kwetu wenye vifafa vya ukubwani hutazamwa kwanza tegu wa nguruwe. Hilo nalo mmelisahau.

#12 Kete Sitini na Nne

Sisi ni Waislamu, ndugu, nguruwe hatumjui.

#13 Mkulima wa Mbulu

Kwa heshima zote, hapo ndipo watu wengi hukosea. Anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge hupata mnyoo wa tumboni. Uvimbe wa kichwani hutokana na mayai ya mnyoo huo, ambayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kumfikia mwingine kwa mikono au kachumbari. Mpishi mmoja akiwa nao, anayekula mchicha peke yake anaweza kuupata.

#14 Fundi Skani

Sahihi, ingawa tegu mmoja wa sentimita 4.6 mwenye maji mengi pembeni si sura yake ya kawaida.

#15 Shangazi wa Makorora

Mimi sina elimu ya hospitali, lakini nauliza. Kijana wa jirani yangu alipoanza dawa za VVU alikuwa anaona watu usiku, anapepesuka, anasema maneno ya ajabu, tukampeleka kwa shehe akasomewa. Baadaye tukaambiwa ni dawa. Je, huyu si dawa zimempanda kichwani?

#16 Nesi Mstaafu

Shangazi, swali lako lina elimu ndani yake. Yule kijana bila shaka alikuwa kwenye efavirenzi, ambayo kweli ilileta ndoto kali na kizunguzungu. Siku hizi wagonjwa wengi wako kwenye kidonge cha TLD chenye dolutegraviri, na efavirenzi haimo. Tena dawa haioti uvimbe wa sentimita 4.6.

Lakini umenikumbusha jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Kaka amerudishwa kwenye dawa za VVU lini? Mtu wa CD4 19 akianza dawa, kinga inayorudi inaweza kuushambulia ugonjwa uliokuwa umejificha, uvimbe ukafura na mgonjwa akazidiwa wakati dawa zinafanya kazi yake. Inawezekana hiyo siku ya tisa haikuwa limfoma wala tokso sugu, bali kinga iliyorudi kwa hasira.

#17 Kete Sitini na Nne

Mama, amerudishwa kwenye TLD siku ya 12. Kuchanganyikiwa kulianza siku ya tisa, na mkono ulilegea siku ya 14. Kingamwili za tokso zilipimwa, tumeambiwa anazo.

#18 Nesi Mstaafu

Basi kuchanganyikiwa kulitangulia TLD. Kwa mkono siwezi kuapa.

#19 Mchunguzi Huru

Na kingamwili anazo. Kwa hiyo tokso bado imo, Mwanakwetu ametuletea TB, Mama Nesi ametuletea kinga yenye hasira, Mbulu ametuletea tegu. Limfoma ni mgeni mmoja kati ya watano.

#20 Ughaibuni Minneapolis

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika, kwa sababu ugonjwa huo ni wangu.

Mwaka 2014 nilikuwa na CD4 31 na uvimbe wawili, nami pia nilitibiwa tokso kwanza. Haikusaidia. Madaktari walitoa maji ya uti wa mgongo wakatafuta chembechembe za urithi za virusi vya Epstein-Barr, wakazikuta, kisha wakatoboa fuvu kwa tundu dogo na kuchukua kinyama. Nilitibiwa kwa methotrexate ya dozi kubwa. Nilikuwa nikilazwa siku kadhaa kwa kila mzunguko, nikijazwa maji kwa dripu mpaka mkojo uwe wa kiwango wanachokitaka, halafu wanapima damu kila siku kuona dawa imebaki kiasi gani, huku wakinipa leukovorini ya kuokoa chembe nzima za mwili. Mionzi sikupigwa. Dawa za VVU sikuziacha hata siku moja, na daktari wangu alikuwa akisema nusu ya tiba ni hizo. Zamani, kabla ya dawa hizo, waliopigwa mionzi peke yake waliishi miezi michache tu.

Sisemi kaka ana limfoma. Ninachosema ni kwamba ikiwa anayo, haina maana kwamba amekwisha.

#21 Mtaka Nafuu

Methotrexate si ile ya baridi yabisi? Famasi ya mtaani kwetu ipo ya vidonge. Kwa nini asianze hiyo wakati mnasubiri?

#22 Ughaibuni Minneapolis

Tafadhali usimpe mtu ushauri huo. Vidonge vya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki kwa dozi ndogo ambayo haifiki kwenye ubongo kwa kiasi cha kuua limfoma. Dozi yangu ilikuwa kubwa kuliko hiyo kwa mamia, ndiyo maana ya kulazwa na kuokolewa. Tena Septrini haichanganywi na methotrexate, kwa sababu pamoja huweza kuangusha chembe za damu kabisa. Na kaka yake yuko kwenye Septrini sasa hivi.

#23 Mchunguzi Huru

Pole na hongera, ndugu. Lakini hicho kipimo cha maji ya uti wa mgongo kisichukuliwe kama msahafu. Mwalimu alisema katika namba 2 kwamba wengi wetu tuna virusi hivyo, na kwa mtu mwenye kinga ya chini sana vinaweza kuonekana kwenye maji hayo bila limfoma yoyote. Isitoshe ni virusi vyetu wenyewe, viligunduliwa Kampala.

#24 Mwalimu wa Biolojia

Nusu ya kwanza nakubali. Nusu ya pili nairekebisha: daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza uvimbe wa mataya wa watoto akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958, lakini virusi vyenyewe vilionekana London mwaka 1964, kwenye chembe za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Anthony Epstein na Yvonne Barr ndio waliobaki kwenye jina, na mwenzao Bert Achong akabaki kwenye makala. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa wetu, darubini ilikuwa yao.

Naongeza dhana, ichukueni kama dhana tu. Watoto wetu hupata virusi hivi mapema sana, na pengine kinga yetu huvizoea kwa namna tofauti. Huenda hapo ndipo penye sababu ya limfoma ya ubongo kuwa chache huku, kando ya hoja za namba 4 na namba 5.

#25 Fundi Skani

Mwalimu, dhana ni nzuri, ila bado hujaonyesha kwamba ni chache. Tumerudi kwa ngamia.

#26 Kete Sitini na Nne

Wanajukwaa, naleta hali ilivyo.

Maji ya uti wa mgongo yamekataliwa kuchukuliwa, kwa maelezo kwamba uvimbe umeusukuma ubongo pembeni na kuyatoa kunaweza kuuvuta ubongo chini. Mkojo umepimwa TB, umesoma hapana. Bingwa wa upasuaji wa ubongo anasema anaweza kuchukua kinyama.

Jana tulikaa kikao cha familia. Baba mdogo amesimama akasema kichwa cha mtoto wa kaka yake hakifunguliwi na mtu, kama ni kufa afe na kichwa chake. Mama hakusema neno. Shemeji, yaani mke wa kaka, aliuliza swali moja tu: wakishaona, wana dawa ya hicho watakachokiona? Hakuna aliyeweza kumjibu, nami naleta swali lake hapa kama alivyoliuliza. Je, hawezi kupigwa mionzi bila kufunguliwa kichwa?

#27 Nesi Mstaafu

Mfikishie shemeji salamu zangu, ameuliza swali ambalo hata madaktari hulikwepa. Mionzi ya ubongo ipo nchini, Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza, na hupigwa siku za kazi kwa wiki kadhaa. Nimeona wagonjwa wakipigwa bila kinyama, pale ambapo kila kitu kingine kilishatibiwa na hali inaporomoka. Nimeona pia kumbukumbu zao zikififia baada ya miezi. Kutibu bila kujua ni kamari, na kufungua kichwa cha mtu mwenye CD4 19 nako kuna hatari ya kuvuja damu. Mimi ningemfungua. Namwelewa baba mdogo, lakini ningemfungua.

#28 Mwanakwetu wa Rombo

Na mimi ningempa dawa za TB kwanza. Kipimo cha mkojo kikisema hapana si kwamba TB haipo. Mkimpiga mionzi mtu mwenye TB ya ubongo mtakuwa mmemwonea. Ila mkimwanzishia, wakumbusheni kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hushusha kiwango cha dolutegraviri mwilini, kwa hiyo hiyo dolutegraviri itabidi anywe mara mbili kwa siku. Dada alipitia hayo.

#29 Fundi Skani

Kama mnaelekea kuchukua kinyama, mwambieni bingwa mapema kwamba alishapewa deksamethazoni na lini iliisha. Limfoma ikishanyweshwa dawa hiyo hujificha, kinyama kikasomwa kuwa hakina kitu, halafu mwezi unaofuata inarudi. Asipewe tena kabla ya kupasuliwa, isipokuwa maisha yakiwa hatarini papo hapo.

#30 Shangazi wa Makorora

Tunamwombea. Na huyo mke wake ashikwe mkono, maana nyote mnamzungumzia mgonjwa.

#31 Kete Sitini na Nne

Amina, Shangazi. Tumemchukua tunakaa naye.

Naleta habari ambayo imetuchangamsha wote. Baba mdogo alikuja wodini leo na ubao mdogo wa bao, nadhani kwa kuwa alijisikia vibaya kwa maneno ya kikao. Akamwekea kaka kete. Kaka alitazama ubao kwa muda mrefu, kisha akapeleka mkono mpaka kichwa cha kushoto, akazoa kete zote zilizokuwamo na kuzisambaza moja moja hadi mwisho, bila kukosea shimo. Ni mara ya kwanza tangu alipougua kugusa upande ule. Baba mdogo alitoka nje kwa muda. Aliporudi akasema upasuaji hauna haja, mtoto anapona kwa TLD na dua, na Mama safari hii amemkubalia. Mimi mwenyewe nimeanza kuamini kwamba huenda ilikuwa tokso tangu mwanzo na dawa zimechelewa tu kushika.

#32 Mchunguzi Huru

Nilisema. Mpeni muda.

#33 Nesi Mstaafu

Mwanangu, nimefurahi kwa ajili ya Mama. Nijibu jambo moja tu: wamemrudishia deksamethazoni?

#34 Kete Sitini na Nne

Ndiyo, Mama. Tangu juzi usiku, alipozidiwa na usingizi.